Mwacha Asili ni Nani?

Katika mabaraza ya Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Mlango wa Papa, kuna neno moja ambalo hutumiwa kuwachapia wale waliokwenda kukaa ugenini wakachukua uraia wa huko. Akitajwa mtu wa London au wa Maskati, ikajulikana kuwa sasa anasafiri kwa paspoti ya nchi ile, hakosi mtu wa kutikisa kichwa na kusema: "Mwacha asili ni mtumwa." Kisha kahawa hunywewa na mazungumzo yakahamia jambo jingine, kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa na hakuna rufani.

Mimi siikubali hukumu hiyo, na leo naomba wasomaji wanipe sikio. Siikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa hailingani na historia ya mji wenyewe. Ya pili, na ndiyo kubwa, ni kuwa inatufanya tumkodolee macho mtu aliyechukua karatasi ya ugenini, tusimtazame yule aliyeiacha karatasi ya kwao ikapotea. Wa kwanza hana dhara kwetu. Wa pili ndiye anayeutia mji wetu hasara, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui.

Tuanze na historia. Hebu msomaji ajiulize, sisi wakazi wa Mji wa Kale tulitoka wapi? Wako walioshuka Bandari ya Kale kwa majahazi ya kaskazi kutoka Shihiri na Mukalla, wakaanza kwa kuuza kahawa na maji, wakamaliza kwa kuwa na maduka. Wako Mabulushi, ambao wazee wao walikuja wakiwa askari wa watawala wa Oman. Wako Mabohora, Wangazija, Wabajuni na wengine wengi, na wako Waswahili wa Mataifa Kumi na Mawili waliowapokea wote hao. Kila mmoja alikuja na asili yake, na watoto wake wakawa watu wa Mombasa. Wazee waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawakukusudia kumdhalilisha mgeni. Walikusudia kuwa anayekaa na afanye kazi, na anayefanya kazi ahesabiwe kuwa ni mwenyeji.

Tena uraia kwetu haukuwa jambo la tangu na tangu. Kwa mapatano ya tarehe 14 Disemba 1895 ukanda wa maili kumi wa pwani uliwekwa chini ya utawala wa Waingereza, lakini enzi yake ilibaki kuwa ya Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu ikawa inapepea Ngomeni. Hata pale mwaka 1920 bara ilipogeuzwa kuwa koloni, sisi tuliitwa nchi ya himaya. Mambo hayo hayakwisha mpaka tarehe 8 Oktoba 1963, yalipotiwa saini mapatano ya London ya kuufanya ukanda huo kuwa sehemu ya Kenya. Siku ya uhuru, tarehe 12 Disemba 1963, aliyezaliwa Kenya na mzazi wake mmoja naye akawa kazaliwa Kenya, alikuwa raia papo hapo. Lakini aliyezaliwa hapa na wazazi wote wawili wakawa wametoka Hadharamaut au Gujarat, huyo alipewa miaka miwili tu ya kuomba aandikishwe, mpaka tarehe 12 Disemba 1965.

Basi katika miaka ile miwili, watu wa mitaa yetu walivaa kanzu zao safi wakaenda kuomba uraia. Walijaza fomu, wakala kiapo, wakawa Wakenya. Je, kuna mtu leo anayethubutu kusimama Ngomeni akasema kuwa wazee wale waliacha asili? Hakuna. Bali tunawasifu kwa kuona mbali. Wako na waliopuuza, wakasema, "Nani asiyenijua mimi hapa?" Miaka miwili ikapita, na wajukuu zao wakaja kuhangaika kutafuta kipande.

Wala si wao peke yao. Jirani zetu Wamakonde wa Kwale waliletwa na kazi za mkonge na miwa, wakakaa vizazi na vizazi bila ya nchi yoyote kuwahesabu kuwa ni raia. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 walishika njia kwenda Nairobi kudai haki yao, na baada ya hapo wakatambuliwa kuwa ni kabila la Kenya. Wapemba wa mwambao, wavuvi hodari ambao samaki wao tunawala kila siku, hawakutambuliwa mpaka mwaka 2023. Sisi sote tulifurahi nao. Sasa vipi tuifurahie haki ya Mmakonde kuomba uraia wa nchi anayoitolea jasho, kisha tumkebehi mtoto wetu anapoomba uraia wa nchi anayoitolea jasho lake yeye?

Na sisi Waislamu tunao mfano ulio mkubwa kuliko yote. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alizaliwa Makka na akaipenda Makka. Alipohama kwenda Madina mwaka 622 aliandikiana mapatano na watu wa huko, ya kulindana na kusaidiana. Makka ilipofunguliwa mwaka 630 angeweza kurudi akakaa kwao, hakufanya hivyo. Alirudi Madina kwa wale waliompokea, na huko ndiko aliko kaburi lake. Wala mapenzi yake kwa Makka hayakupungua, na mpaka leo tunaelekea huko katika sala. Mtu aweza kuwa na mji wa kuzaliwa na mji wa ahadi, na asimkosee haki yoyote.

Najua jambo linalowatia watu wasiwasi zaidi ni kile kiapo. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikwenda London kusoma, akapata kazi, na mwaka 2016 akaomba uraia wa Uingereza. Alikuwa amekwisha kukaa kihalali kwa miaka mingi kuliko ile mitano inayotakiwa. Alifanya mtihani wa maswali 24 katika dakika 45 juu ya historia na desturi za Waingereza, ambao hupiti mpaka upate 18. Alileta wadhamini wawili. Mwisho alisimama katika ukumbi wa halmashauri pamoja na watu wa mataifa mengine, wakala kiapo cha utii, jambo ambalo Waingereza wamelifanya kuwa sherehe tangu mwaka 2004. Usiku ule alinipigia simu. Alikuwa na furaha, lakini sauti yake ilikuwa na mashaka. Akaniuliza: "Khali, nimefanya haramu?"

Nilimwambia kuwa ya dini wanaulizwa wenye elimu, na mimi si katika hao. Lakini rai yangu nilimpa, nami naitoa hapa. Mtu aliyeingia nchi kwa viza amekwisha kuahidi kufuata sheria za nchi hiyo tangu siku alipokanyaga uwanja wa ndege. Amekula kwa ahadi hiyo, amelala kwa amani kwa ahadi hiyo, na watoto wake wametibiwa kwa ahadi hiyo. Kiapo kinaidhihirisha tu ahadi iliyokuwapo. Dini yetu imetuamrisha kutimiza mapatano, na haikusema tutimize yale ya Waislamu wenzetu pekee. Kwa hivyo swali la kumuuliza aombaye uraia ni hili: je, una nia ya kuitimiza? Ikiwa anayo, na haimlazimishi kuiacha sala yake wala kumdhulumu mtu, na aape. Ikiwa hana, ikiwa anaichukua paspoti kama mtu anayeokota ngao njiani, huyo ndiye wa kulaumiwa, na hata paspoti ya Kenya hastahili kuishika.

Hayo ndiyo ya kiapo. Sasa nije kwenye karatasi, maana hapa ndipo tunapoumia.

Ndugu yangu mkubwa aliondoka Mombasa mwaka 1974. Sultan Qaboos alikuwa ameshika utawala wa Oman mwaka 1970 na akawaita wenye asili ya huko walio nje warudi kujenga nchi. Babu yetu mzaa babu alikuwa mtu wa Oman, basi kaka akaenda kujaribu bahati. Alifanya kazi miaka mingi, akaoa, akazaa, na mwaka 1988 akapata uraia wa huko. Sheria ya Kenya ya wakati ule ilisema kuwa mtu mzima akiuchukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, basi wa Kenya umemtoka. Akairudisha paspoti yake. Hakuficha kitu wala hakudanganya mtu. Alifuata sheria za nchi zote mbili.

Mwaka 2014 mama yetu alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, akatuachia nyumba ya mawe Kibokoni, iliyo juu ya ardhi yenye hati ya miliki ya daima. Kwa Kadhi mambo yalikuwa mepesi: watoto wa kiume mafungu mawili mawili, dada yetu fungu moja. Mirathi ya Kiislamu haimuulizi mtoto ana paspoti ya rangi gani. Lakini tulipokwenda kwa wakili kuandikisha, ndipo tulipofahamishwa juu ya kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010. Asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi milele. Anaweza kuikodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata wageni waliokuwa na miliki za daima kabla ya Katiba hiyo, miliki zao ziligeuzwa kuwa za kukodi kwa miaka 99 kuanzia tarehe 27 Agosti 2010.

Kaka alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mimi leo ni mgeni katika nyumba niliyotahiriwa?" Wakili hakuwa na jawabu, na sisi hatukuwa nalo.

Kulikuwa na njia, na wakili alituonyesha. Katiba ile ile ya 2010, katika kifungu cha 14, inasema kuwa aliyekuwa Mkenya kwa kuzaliwa, akaupoteza uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine, ana haki ya kuurudisha akiomba. Na kifungu cha 16 kinasema kuwa Mkenya wa kuzaliwa haupotezi uraia wake kwa sababu ya kuchukua mwingine. Kwa upande wa Kenya mlango ulikuwa wazi. Lakini Oman hairuhusu raia wake kuwa na uraia wa pili ila kwa idhini maalumu, na kaka ana pensheni yake huko, na watoto na wajukuu. Alipima akaona hawezi kuhatarisha riziki yao. Fungu lake akampa dada yetu kwa hiba, akatia saini, akarudi Maskati. Nyumba imebaki yetu, alhamdulillahi. Lakini jina lake halimo katika hati ya nyumba ya mamake.

Mtazame sasa kaka, na umtazame mpwa wangu wa London. Wote ni wa nyumba moja. Wote walikaa ugenini, wote wakaomba uraia, wote kwa uaminifu. Mmoja aliomba 1988, mwingine 2016, na kati yao ikaingia Katiba mpya. Tena mmoja alikwenda nchi isiyoruhusu uraia wa nchi mbili, mwingine alikwenda nchi inayouruhusu. Mpwa wangu kesho anaweza kurithi kwa mamake bila ya kikwazo. Kilichowatofautisha watu hawa wawili ni sheria na tarehe. Sasa mtu akija barazani akasema kuwa kaka yangu ameacha asili, atakuwa hakusema kweli. Kaka alikuwa tayari kuishika asili yake kwa mikono miwili. Sheria ndiyo iliyomfungua vidole.

Kwa sababu hiyo nasema kazi ya baraza zetu si kuwahukumu watu hawa. Kazi yetu ni kuwajulisha mambo wasiyoyajua, maana katika watu walio nje, wengi hawayajui. Nitayataja matatu.

La kwanza: aliyepata uraia wa nje kabla ya tarehe 27 Agosti 2010 asijidanganye kuwa Katiba mpya imemrudishia wa Kenya wenyewe kwa wenyewe. Ni lazima aombe. Atatakiwa kuonyesha kuwa aliwahi kuwa Mkenya, na kuonyesha uraia alio nao sasa. Hapo ndipo cheti cha kuzaliwa cha mwaka 1950 na paspoti ya zamani iliyotiwa tundu huwa na thamani kuliko dhahabu. Lakini mara nyingi vyote viwili vimekwisha kutupwa siku ya kusafisha nyumba kwa Ramadhani.

La pili: aliyeupata baada ya tarehe hiyo hakuupoteza wa Kenya, lakini Sheria ya Uraia ya mwaka 2011 inamtaka atoe taarifa kwa Serikali ndani ya miezi mitatu. Kunyamaza ni kosa. Mpwa wangu mwenyewe hakulijua hilo mpaka nilipomwambia, akafanya haraka akatimiza.

La tatu linawahusu mabinti zetu. Chini ya Katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alirithi uraia kwa babake tu. Binti wa Makadara aliyeolewa na mgeni Dubai au Jeddah, watoto wake hawakuhesabiwa. Katiba ya 2010 imeliondoa jambo hilo: mama akiwa Mkenya, mtoto ni Mkenya, popote alipozaliwa, hata kama alizaliwa kabla ya Katiba hiyo. Lakini haki hii haijiandikishi. Katika nchi za Ghuba mtu huweza kukaa miaka thelathini na bado ruhusa yake ya kukaa imefungwa na kazi yake. Kazi ikiisha na ruhusa imekwisha. Kuwa raia ni vigumu: sheria ya Oman ya mwaka 2014 ilimtaka mgeni awe amekaa miaka 20 mfululizo, na ile ya mwaka 2025 inataka 15, tena ajue Kiarabu. Mtoto wa huko asiyeandikishwa kwetu, na huko naye hana haki, siku mambo yakiharibika atakwenda wapi?

Asiyeamini kuwa karatasi ina nguvu kuliko ukweli, na awatazame watu wa visiwa vya Karibi walioanza kwenda Uingereza kwa meli ya Windrush mwaka 1948. Walikwenda kihalali, wakaendesha mabasi na kuuguza wagonjwa kwa miaka hamsini na zaidi. Mwaka 2018 ulimwengu ulijua kuwa baadhi yao walifukuzwa kazi, wakanyimwa matibabu, na wengine wakasafirishwa kwa nguvu, kwa kuwa hawakuwa na hati za kuonyesha haki yao. Haki walikuwa nayo, ila hawakuweza kuithibitisha. Wazee wetu walikwisha kusema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Na uraia ni mali.

Wala sitaki kuiacha Serikali bila ya neno. Kwa miaka mingi kijana wa Mji wa Kale mwenye jina la Kiarabu akienda kutafuta kipande huulizwa vyeti vya babu yake, wakati mwenzake wa bara haulizwi. Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza huko Wajir kuondolewa kwa upekuzi wa namna hiyo. Tumeshukuru, na tunangoja kuona tangazo hilo likitekelezwa kwenye madirisha ya afisi kama lilivyotamkwa jukwaani. Maana mtu aliyeteswa akitafuta kipande kwao, usishangae akienda nje akaikumbatia nchi ya kwanza iliyomwambia karibu. Na wale wanaotaka kuurudisha uraia wao wasizungushwe, njoo leo njoo kesho, kana kwamba wanaomba sadaka. Katiba imeiita haki.

Basi nawaomba jamaa zangu wa mabarazani jambo jepesi. Sikukuu hii wageni wetu wa Maskati, Dubai na London watakuja, kama kawaida yao, na masanduku yao. Kabla ya kuuliza wametuletea nini, tuwaulize: watoto wameandikishwa? Taarifa imetolewa? Vyeti vya marehemu babu viko kwa nani? Wenye makabati yenye karatasi za zamani na wayafungue, wazitoe zilizo salama, wazifanyie nakala. Tunalalamika kila siku kuwa majumba ya mawe yanauzwa na kubomolewa ili yajengwe maghorofa. Nyumba nyingi huanza kuuzwa pale mrithi mmoja anapoambiwa kuwa yeye si wa hapa.